Propela Iliyokaa Kombo

Jumapili, 3 Machi

Theluji imesimama, upepo haujasimama. Ndama wa kwanza wa mwaka kazaliwa nyuma ya banda, mfu. Mke wangu Lavonne anasema mama wa ndama huyo ni mwepesi wa kukata tamaa, kama mimi.

Pikapu inagonga. Ukikanyaga mafuta ili uondoke, chini panatoka mlio, ko, kama mtu anapiga hodi. Nilipomwambia Lavonne alinitazama kama nimemwambia jua limechomoza. "Nimeusikia tangu Krismasi," akasema. "Ni krosi hiyo. Nitaibadilisha tope likikauka." Huku kaskazini mwa Montana tope halikauki mpaka mwisho wa Mei, na yeye hana subira hiyo, kwa hiyo nikajua ataibadilisha wiki hii hii.

Jumanne, 5 Machi

Kaibadilisha leo. Daftari hili nimepewa na binti yetu Renae, na kanitaka niandike mambo yote, siyo ndama tu, basi na liandikwe hili: katika nyumba hii fundi ni mke. Babake alikuwa na gereji mjini na alimlea chini ya magari. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nikishika spana hata mbwa huondoka.

Pikapu ni rika la Renae. Propela yake, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, ni ya vipande viwili vilivyochomekana meno kwa meno. Katikati imeshikwa na beringi, na krosi ndizo vifundo vyake. Lavonne husema propela ni kama mkono wa mtu: bega, kiwiko, kifundo, kimoja kikiuma vyote vinalalamika.

Krosi mpya imetoka kwa Delmar Kolstad, jirani yetu wa mashariki, ambaye alijifunzia ufundi kwa baba mkwe wangu na hajatupa kitu tangu siku hiyo. Lavonne aliteleza chini ya gari huku anaimba wimbo wa kanisani, akatoka na grisi kidevuni. "Tayari," akasema. Tulikula viazi na nyama ya kusaga, tukalala mapema.

Jumatano, 6 Machi

Mlio umekwisha. Sasa inatetemeka.

Ijumaa, 8 Machi

Inatetemeka kwelikweli. Ukiwa na robota la nyasi nyuma, ukiachia klachi tu, kibanda chote cha dereva kinatikisika, kahawa inaruka kikombeni, meno yanagongana. Ukishachanganya inatulia kidogo, halafu ukifika barabara kuu inarudi, safari hii kwenye matako.

Nilisema ni krosi ya Delmar. Kila kilichokaa kwenye rafu za Delmar kimekwisha kufa, kinangoja kuzikwa tu.

"Usimseme Delmar," akanikata Lavonne. "Krosi ilikuwa mpya, ndani ya karatasi yake."

"Karatasi yenyewe ilikuwa ya enzi gani?"

"Orrin, wewe chunga ng'ombe."

Nikachunga ng'ombe.

Jumatatu, 11 Machi

Ndama watatu, wote wazima. Upepo. Inatetemeka.

Alhamisi, 14 Machi

Siku nzuri, na zimekuwa adimu. Lavonne kaamua kuutafuta ugonjwa kwa utaratibu, na mimi kanifanya dereva. "Gari halina mdomo," anasema, "kwa hiyo uliulize swali moja kwa wakati mmoja, ungoje jibu." Alikaa upande wa abiria, kiganja juu ya dashibodi, macho kayafumba.

Tulikwenda mbio kwenye barabara kuu. "Kanyaga klachi, liache litembee lenyewe." Likaendelea kutetemeka. "Basi siyo injini, siyo klachi," akasema. Tukarudi, tukahamisha tairi za nyuma mbele na za mbele nyuma. Likatetemeka vile vile. "Siyo tairi." Tukapakia robota, mtetemo ukazidi wakati wa kuondoka. Akafumbua macho, anacheka kama msichana. "Ni pale katikati. Senta beringi. Imelegea, propela inachezacheza."

Tumeoana muda mrefu hata nimezoea kumwona kama watu wanavyozoea kuona mlima. Leo nilimtazama, kofia ya sufu imemshuka hadi nyusi, nikasema moyoni kwamba nilibahatika.

Mchana alikwenda mjini kununua beringi. Akarudi na sukari, uzi na betri za tochi.

"Walikuwa nayo?" nikamuuliza.

"Nini?"

Nikacheka, nikamwambia watu wa mjini wamemroga. Yeye hakucheka. Aliingia ndani akaketi bila kuvua koti.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ya barafu. Hatukwenda kanisani.

Alhamisi, 21 Machi

Beringi imepatikana, imefungwa, na gari linatetemeka.

Naandika hili polepole kwa sababu limenisumbua. Alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Babake alikuwa na amri moja kubwa kuliko zile kumi: usifungue usichokitia alama. Niliona kwa macho yangu akipaka mstari wa rangi nyeupe kwenye kila kipande cha propela, uso kwa uso, kisha ndiyo akavichomoa. Alipovirudisha, mistari ilikutana sawasawa, hata mimi ningeweza kuona. Tukatoka kujaribu. Hatujafika hata langoni, kahawa ikamwagika.

Lavonne alishuka, akasimama kwenye tope, akarusha spana mbali. Iligonga tangi la maji, ng'ombe wakatimka. Katika maisha yangu yote naye sijapata kumwona akirusha spana. Hizo spana ni za babake, huzifuta kwa kitambaa kabla ya kuzilaza.

"Nimeuliza vizuri," akasema. "Limenijibu uongo."

Niliiokota spana nikaipangusa. Nikasema mvua itanyesha.

Jumatano, 27 Machi

Renae kapiga simu kutoka Billings. Kwanza ng'ombe, kisha hewa, kisha lile lile: tuuze, tuhamie karibu naye.

"Baba, mama aliniuliza jana kama nimeolewa."

"Anakutania."

"Niliolewa mbele yake, baba. Yeye ndiye aliyepika keki."

Nilimwambia mama yake ana usingizi mdogo msimu huu wa ndama na anapigana na gari bovu, aache kutafuta maiti ambako hakuna kilio. Nikakata simu. Nina hasira naye bado. Watoto wakishaishi mjini huona kila mzee ni mgonjwa.

Lavonne alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. "Hiyo pikapu nitaipata," akasema. "Nikishindwa na hiyo, Orrin, basi mimi sijui tena mimi ni nani." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anamenya karoti.

Jumatatu, 1 Aprili

Lavonne kaifungua propela mara ya tatu. Kapaka rangi upya juu ya alama zake, kapaka grisi, kakaza boliti zote, hata springi za nyuma kazipima. Inatetemeka.

Kaniuliza mara nne kama ndama wa chupa amekunywa.

Alhamisi, 4 Aprili

Theluji tena, inchi chache. Ndama mmoja kapoteza masikio kwa baridi. Hatuongei sana.

Jumatano, 10 Aprili

Dhoruba ilianza asubuhi, kwanza mvua, kisha theluji nzito ya Aprili, ile mbaya zaidi kwa kuwa huja ndama wakiwa wamelowa. Nilikuwa bandani na ng'ombe aliyekwama, mkono umeingia hadi kwenye bega, Lavonne alipochungulia akasema unga wa maziwa ya ndama umekwisha, anakwenda kuchukua kwa Delmar. Nikasema nenda taratibu. Kwa Delmar ni njia moja iliyonyooka. Hata farasi mzee angekwenda peke yake.

Ndama alitoka hai. Nilimsugua kwa nyasi, nikamweka chini ya taa, nikaenda nyumbani nikakuta jiko limepoa. Nilimpigia Delmar. Hajamwona.

Sitaandika yote niliyoyawaza. Trekta haina kibanda, nilitoka nayo hivyo hivyo, theluji inanipiga macho, nikipiga kelele jina lake kama mwendawazimu. Hewa ilikuwa nyeupe huku na huku na nguzo za uzio zilikuwa zinatokea moja moja na kupotea. Niliomba. Mimi siyo mwombaji, huwa namwachia Lavonne kazi hiyo.

Delmar ndiye aliyempata. Pikapu ilikuwa imesimama kwenye njia panda ya shule ya zamani, upande wa kusini kabisa, injini inanguruma, taa zinawaka. Ndiyo shule aliyosoma Lavonne. Alikuwa kaketi mikono juu ya usukani. Delmar alipofungua mlango alisema, "Kimya kidogo, nasikiliza."

Nilipowafikia Delmar alikuwa anamfunga blanketi mabegani, anazungumza naye kuhusu bei ya mbegu kana kwamba wamekutana dukani. Lavonne alinitazama, akafurahi. "Orrin! Umekuja na trekta bila kofia, una wazimu?"

"Ulikuwa unakwenda wapi, mama?"

"Nilikuwa nasikiliza mtetemo. Huku barabara ni tambarare, unasikika vizuri."

Lilikuwa jibu zuri. Nililishika kwa mikono miwili. Delmar alipangusa theluji kwenye kioo changu, na trekta haina kioo. Alikuwa anapangusa boneti. Ndipo nikajua na yeye kaogopa.

Aliiendesha pikapu yeye hadi kwetu. Nilimwona kupitia dirishani akipiga magoti kwenye theluji, akatazama chini ya gari kwa tochi muda mrefu, akasimama, na dhoruba imetulia akaenda zake kwa miguu bila kunywa kahawa. Delmar hajapata kukataa kahawa.

Ndama waliokufa: sita.

Jumamosi, 13 Aprili

Jua. Kila kitu kinachuruzika.

Delmar kaja. Hapa kwetu mwanamume hapewi habari mbaya usoni. Mnaegemea ubavu wa pikapu, mmoja huku na mwenzake kule, viwiko juu, mnatazama kilichomo nyuma hata kama ni kamba na samadi tu. Aliegemea, nikaegemea. Tulimaliza theluji, tukamaliza mto, tukamaliza ng'ombe wake wanaohara.

"Nilichungulia propela," akasema.

"Nilikuona."

"Kile kipande cha nyuma, Orrin. Masikio yanayoshika krosi ya mbele na yanayoshika ya nyuma yanatakiwa yalale sawa, yatazame upande mmoja. Yamepishana. Kimechomekwa kombo."

"Alama je? Nilimwona akipaka alama."

"Alama zipo. Nyeupe, safi, zimekutana kabisa." Aliokota kipande cha nyasi akakivunja. "Kazipaka juu ya kosa. Ile mara ya kwanza, ya krosi, hakutia alama, akairudisha vibaya. Mara ya pili kalitia alama lile kosa, na tangu hapo analirudisha kwa uaminifu."

Nilitazama kamba na samadi. Nikakumbuka kwamba tarehe tano alikuwa anaimba na sikuona rangi mkononi mwake. Mlio ulikwisha siku ile na mtetemo ukaanza kesho yake, niliandika mwenyewe, na nikamlaumu Delmar.

"Mtu yeyote angeweza kukosea," nikasema.

"Mimi ningeweza. Nimekwisha kukosea hivyo na mkwe wako alinipiga kofi la kisogo." Akatupa kile kipande cha nyasi. "Lavonne ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuirekebisha, Orrin. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Angeliona hilo gizani, kwa vidole."

Nilitaka anitazame na nilishukuru kwamba hanitazami. Nilimfikiria Renae na namna nilivyomkatia simu.

"Jumatano kina mama wanashona mablanketi kanisani," akasema Delmar mwishowe. "Nitakuja na jeki yangu."

Jumatano, 17 Aprili

Lavonne kaenda kanisani na gari dogo, Delmar akaja. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kuudhi. Alifungua, akachomoa, akazungusha meno robo duara, akachomeka, akafunga. Zile alama nyeupe sasa hazitazamani. Aliuliza kama azifute na kupaka mpya. Nikasema aziache, kisha nikasema azifute, kisha nikasema aziache. Akaziacha.

Tukatoka nayo barabarani. Ilitulia kama maji kwenye sahani. Delmar alisema, "Basi," nami nikaegesha kando nikalia, na yeye akatazama ng'ombe wa watu mpaka nikamaliza.

Hatukukubaliana tumwambie nini. Nilidhani atafurahi tu kwamba imepona. Mwanamume akikaa na ng'ombe muda mrefu huanza kufikiri kama wao.

Ijumaa, 19 Aprili

Lavonne kaiendesha jana na leo, kalisha ng'ombe, kaenda mjini na kurudi. Hajasema neno juu ya mtetemo. Hajauliza. Nami nakunywa kahawa nyingi.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya kanisa hakubadilisha hata gauni. Nilisikia kiubao chake cha magurudumu kikiteleza, nikatoka mbio, nikaona viatu vyake vya Jumapili vimechomoza chini ya pikapu.

Mwanga wa tochi ulikuwa ukitembea chini ya gari.

"Nani kagusa propela yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo. "Mimi," nikasema.

"Lini?"

"Machi. Ile siku ya krosi, ulipoingia ndani kunawa. Nilitaka kuona ulivyofanya nikaifungua, nikairudisha ovyo. Nikaogopa kusema. Juzi nikamwomba Delmar aniwekee sawa."

Akateleza nje, akaketi kwenye tope na gauni lake la bluu. Alinitazama, halafu akaanza. Alinitukana vizuri! Aliniita kwato mbili, aliniita mkono wa kushoto wa shetani, aliuliza ni mchungaji gani aliyetuozesha amfungulie mashtaka. "Wiki ngapi nimelala kwenye barafu, Orrin Fjelstad? Kwa ajili ya udadisi wako!" Sijapata kutukanwa kwa raha kama hiyo. Jioni alimpigia Renae akamsimulia yote, mpaka machozi ya kicheko, na Renae akacheka, na mimi nikakaa kwenye kona yangu kama mshtakiwa, nikifikiri kwamba nikifa kesho nimefanya jambo moja la maana.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeamka nikakuta kahawa tayari, na Lavonne kaketi mezani, mikono imelala mbele yake. Nje kulikuwa na ukungu.

"Boliti za propela zinafunguliwa kwa spana gani?" akaniuliza.

"Ile ndefu," nikasema.

"Ndefu ya ngapi?"

"Ile... ndefu ya kawaida."

"Nusu inchi," akasema. "Na ukiwa umelala chali unageuza upande gani kulegeza?"

Angeweza kuniuliza ni ng'ombe gani alizaa siku ile, ningemjibu hata rangi ya kwato.

"Mlio ulikwisha siku niliyoibadilisha krosi, mtetemo ukaanza kesho yake. Kama gari lingekuwa la mtu mwingine ningemwambia palepale: fundi wako ndiye kakosea." Alinyoosha mkono akanishika kifundo. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nilijua jana ile ile. Ulivyosema uongo wako, ulikuwa mzuri sana, nikauacha ukae siku moja. Nilitaka siku moja."

"Lavonne."

"Ngoja. Pale njia panda sikuwa nasikiliza kitu. Sikujua kwa Delmar ni wapi. Niliiona shule nikadhani nimechelewa darasani." Hapo midomo yake ilimtoroka, akangoja mpaka ikarudi. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Naogopa, Orrin, naogopa sana. Lakini usinidanganye tena, hata kwa mapenzi. Mimi mwenyewe nimekwisha kuanza kujidanganya. Akibaki mtu wa kuniambia kweli, awe wewe."

Nikamwahidi. Kisha nikampigia Renae, nikamwomba radhi, nikamwambia atafute daktari.

Jumatatu, 29 Aprili

Ndama wa mwisho. Nyasi zimeanza kutoka kwenye mitelemko ya kusini. Delmar kaleta mayai na kanywa kahawa.

Alhamisi, 2 Mei

Tumekwenda Billings kwa daktari. Gari dogo lipo, lakini Lavonne alitaka pikapu. Asubuhi aliitazama kidogo, kisha akanipa funguo bila mimi kuomba, akazunguka akapanda upande wa abiria. Mvua nyembamba ilinyesha njia nzima. Barabara ilikuwa tupu na pikapu ilikwenda vizuri.

Alizungumza juu ya babake, juu ya bata walioshuka kwenye madimbwi. Kisha akatazama nje.

Njiani aliniuliza mara mbili tunakwenda wapi, na kwa nini. Mara zote mbili nilimwambia kweli.